Uthibitisho wa Mtani

"Nahitaji maiti mmoja," alisema Mwalimu Fulgence Sanga, na kabla hajaiweka chini kalamu ya ubao, Bosko Gama alikuwa ameshasimama.

Somo la mchana ule lilikuwa kifo, yaani namna Sajili ya watu wa kanda inavyomwandika mtu aliyefariki, na Bosko hakuwa mtu wa kuacha nafasi ya kuchekesha ipite hivi hivi. Alikuwa fundi wa mitambo ya upepo hapo hapo Makambako, Mngoni mrefu mwenye sauti ya kwaya, aliyeletwa kwenye kituo cha Sajili na wenzake kujifunza kujenga hifadhidata. Akajilaza sakafuni katikati ya meza, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Nje upepo ulikuwa unapiga madirisha kama kawaida yake ya mchana.

"Mtani wake nani?" Mwalimu akauliza.

Swali lenyewe halikuhitaji jibu. Darasa zima lilishamgeukia Osmunda Kikoti, Mhehe wa Kilolo, mtani wa kila Mngoni, ambaye tangu siku ya kwanza ya mafunzo hakuwahi kusalimiana na Bosko bila matusi.

"Afadhali amekufa," alisema Osmunda. "Hawa walikuja kwa miguu kutoka kusini kule kote, wakachoka, wakasema hapa ndipo kwetu. Mmoja sasa amechoka kabisa. Tumzike upesi asije akaamka akaomba chakula."

"Maiti anasikia," Bosko akajibu bila kufumbua macho. "Na anaomba mbwa wake afungiwe ndani, maana Wahehe wamekuja msibani na njaa."

Watu wakacheka hadi wengine wakashika meza. Mwalimu Sanga aliwaacha wacheke, kisha akagonga ubao. Alikuwa Mkinga wa Makete, mtu mfupi, mkavu, ambaye akifundisha huwezi kujua kama amefurahi au amekasirika.

"Sikilizeni. Sajili ni majedwali tu, hakuna uchawi. Kuna jedwali la watu, la nyumba, la ndoa, la vifaa. Kila mtu ana mstari mmoja, na mstari una ufunguo ambao hakuna mwingine anao. Majedwali mengine hayamtaji mtu kwa jina, yanataja ufunguo wake. Kwa hiyo ukimgusa Bosko kwenye jedwali la watu, umegusa nyumba yake, mke wake, wanawe, na hata hiyo pampu iliyomo kifuani mwake."

Bosko, pale chini, akainua mkono wa kushoto ili asiwepo wa kusema hakuona. Kwenye kifundo alikuwa amevaa bangili ya plastiki yenye taa ndogo ya kijani. Moyo wake ulimsaliti akiwa juu ya mnara wa upepo, na tangu siku hiyo alisukumiwa damu na pampu ya umma. Pampu hizo zilikuwa chache, na wenye kuzisubiri walikuwa wengi. Zamani watu walizifukua makaburini na kuziuza, ndipo ikaamuliwa kwamba kila pampu ifungwe kwenye ufunguo wa mtu mmoja ndani ya Sajili, na mtu huyo akifa, irudi kwenye foleni.

"Sasa, nani anaruhusiwa kusema mtu amekufa?" Mwalimu akaendelea. "Mtu wa nyumba moja na marehemu anatoa taarifa. Mtani anathibitisha. Kwa nini mtani?"

"Kwa sababu mtani hana anachorithi," alisema Osmunda.

"Vizuri. Ndugu anaweza kudanganya kwa ajili ya shamba. Mtani, faida yake msibani ni kucheka na kulia. Siku zote watani ndio wanaoendesha mazishi yetu, sisi kwenye kamati ya Sajili tuliigeuza tu desturi kuwa kanuni. Haya, kila mtu afungue Sajili ya mazoezi amwandike Bosko. Halafu tutaona majedwali mengine yanafanya nini."

Akaondoka kwenda kumsaidia mwanafunzi wa nyuma ambaye kibodi yake ilikuwa imekwama. Osmunda akaivuta skrini yake. Sajili ilikuwa wazi tayari. Akaandika jina, na uso wa Bosko ukatokea ukitabasamu, nao ukiwa na dharau kidogo. Akachagua kifo. Sajili ikadai kidole gumba cha mtu wa nyumba ya marehemu.

"Hapa nimekwama," akasema. "Ndugu zake wote wako Songea wanalima mahindi ya kuiba."

"Niletee mimi," alisema maiti. "Kwani mimi siishi nyumba moja na mimi?"

Akanyoosha mkono kutoka sakafuni, akabandika kidole gumba kwenye kisomeo. Mashine ikafikiri kidogo, ikakubali. Darasa likalipuka tena. Osmunda akasimama wima kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akaweka kidole chake.

"Mimi Osmunda Kikoti, mtani, nathibitisha kwamba Mngoni huyu amekufa, na hata alipokuwa hai hatukuona kazi yake."

Akabonyeza.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na waliosema hivyo hawakuwa wamewahi kuona kompyuta. Bangili ya Bosko ililia mlio mmoja mrefu. Taa ya kijani ikazimika, ikawaka ya manjano. Bosko akafumbua macho, akaitazama, akatabasamu kwa mazoea, kisha tabasamu likamwishia usoni.

"Mhehe," akasema polepole. "Umefanya nini?"

Osmunda akatazama juu ya skrini. Sajili ya mazoezi ilikuwa na ukanda wa kijivu kwa juu. Ule uliokuwa mbele yake ulikuwa mwekundu.

Akakumbuka kila kitu kwa mara moja. Kituoni pale mwanafunzi hakufundishwa kwa vitabu peke yake, kila mmoja alipewa zamu ya asubuhi kwenye Sajili yenyewe, awaandike watu wenye shida zao, ili ajue kwamba nyuma ya kila mstari kuna mtu. Baada ya zamu ulitakiwa kuifunga na kufungua ile ya mazoezi, ambayo ilikuwa nakala yake, watu wale wale, nyuso zile zile. Na leo, alipokuwa anataka kuifunga, Bosko mwenyewe alichungulia mlangoni akamwambia, "Mtani, chai inapoa, au kwenu hamjui chai?" Akainuka akaenda kunywa chai.

* * *

Wanafunzi wengine walitolewa nje. Walibaki watatu katika chumba kilichokuwa kimejaa vicheko muda mfupi uliopita: Mwalimu kwenye skrini, Bosko kwenye kiti, Osmunda akiwa amesimama kwa sababu hakuweza kukaa.

"Alitoa taarifa nani?" Mwalimu akauliza.

"Mimi," alisema Bosko.

"Wewe ndiye marehemu."

"Ndiyo, Mwalimu. Ikakubali."

Mwalimu Sanga akavua miwani. Kanuni ile aliiandika kwa mkono wake: mtoa taarifa awe wa nyumba moja na marehemu. Hakuna mtu kwenye kamati nzima aliyewaza kuongeza kwamba asiwe marehemu mwenyewe. Nani angewaza kuwa maiti atakuja kujitolea taarifa?

"Nina muda gani?" Bosko akauliza.

"Umewekewa muda wa kuaga." Mwalimu alizungumza akimtazama usoni, na Osmunda akamheshimu kwa hilo. "Kuna wagonjwa ambao ubongo umekufa lakini pampu bado inasukuma. Tuliona si vizuri ndugu wamwone mtu wao anazimwa kama taa. Kwa hiyo kifo kikithibitishwa, pampu inapunguza mwendo kidogo kidogo. Itasimama kabla jua halijazama."

"Na kumfuta kwenye waliokufa?" Osmunda alisema. "Kurudisha tu ule mstari?"

"Haiwezekani. Walikuwa wanafufua wafu ili wauze viwanja vyao. Tuliufunga mlango huo, tukatupa na kitasa. Kamati ya marekebisho inakaa kesho."

Kesho. Osmunda alilisikia neno hilo likipita katikati yao. Mashine za kusukuma damu nje ya mwili zilikuwa Mbeya, na hata gari lingeondoka dakika ile lingefika na maiti wa kweli. Akamwangalia Bosko. Midomo ilikuwa imeanza kupauka. Mikono yake, ambayo haikuwahi kutulia, ilikuwa imelala juu ya mapaja.

"Kuna nakala ya alfajiri," alisema Mwalimu.

Kila siku, kabla kazi haijaanza, Sajili ya kanda nzima ilinakiliwa na kuwekwa kando. Mkuu wa kituo, ambaye ndiye Mwalimu Sanga, aliruhusiwa kisheria kuirudisha pale ambapo kosa linahatarisha maisha ya mtu. Yote yaliyoandikwa tangu alfajiri yangefutika kama hayakuwahi kuwapo, na kifo cha Bosko kingefutika pamoja nayo.

"Watu wataandikwa upya," Mwalimu akasema, na tayari alikuwa anatafuta ukurasa wenyewe. "Itakuwa kazi ya kuchosha, watatutukana sana, lakini kazi haiui."

"Bonyeza, Mwalimu," alisema Bosko. Hakukuwa na mzaha tena ndani ya sauti. "Tafadhali. Nina watoto."

Osmunda alitaka kunyamaza. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomtesa baadaye kuliko lolote: kwa muda wa pumzi mbili tatu alijua analojua na akatamani asilijue. Nakala ibonyezwe, Bosko asimame, wacheke kwa woga, waende nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo.

"Usibonyeze," akasema.

Mwalimu akageuka.

"Asubuhi kwenye zamu nilimwandika mtoto. Auleria Mgaya, wa Lupembe, yuko darasa la tano. Walimwekea pampu leo, pale Njombe. Mimi ndiye niliyeifunga pampu kwenye ufunguo wake. Daktari alikuwa kwenye simu, na mama yake nyuma yake anaimba." Akaionyesha skrini. "Ukirudisha alfajiri, Mwalimu, ile pampu inakuwa ya nani?"

Jibu Mwalimu Sanga alilifundisha mwenyewe wiki iliyopita, akalipigia mstari. Kitu kilichoandikwa kwa mtu aliyekufa kinapewa muda wa kuaga. Kitu kisicho na mwenyewe kabisa ni yatima, na pampu yatima inahesabiwa ya wizi. Inazima papo hapo.

"Tutamwandika upya mara moja," akasema, lakini alisema taratibu.

"Sajili ikirudishwa inajifunga mpaka kanda yote ihakikiwe. Ulitufundisha wewe. Itafunguliwa usiku."

"Wamtoe pampu kwanza, wamsukumie kwa..."

"Kwa kitu gani, Mwalimu? Mashine zimesharudi Mbeya."

Upepo ukatikisa bati mahali fulani juu yao. Mwalimu alikuwa amekishika kipanya mkononi, na Osmunda aliona kidole chake kimeshafika kwenye kitufe.

"Huyu namfahamu," alisema Mwalimu hatimaye, karibu kwa kunong'ona. "Yule simfahamu. Mungu anisamehe, nimejikuta nafikiri hivyo."

"Ungeninyamazia, Mhehe," alisema Bosko. Alikuwa anatazama sakafu, pale pale alipokuwa amelala akicheza kufa. "Nisingesikia jina, ingekuwa rahisi. Sasa umelitaja." Akapumua kwa shida. "Mwalimu, toa mkono hapo."

Mwalimu akautoa.

* * *

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mwanamke mnene aliyejifunga khanga kichwani na nyingine kiunoni akaingia, macho mekundu, simu imebanwa mkononi. Alikuwa Tekla, mke wa Bosko, Mngoni mwenzake, mwalimu wa chekechea ya mtaa wa pili.

"Wamemlaza wapi?" akauliza. Kisha akamwona mumewe ameketi kwenye kiti.

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja akamzaba kofi, akamshika kichwa akakibana tumboni, akalia kwa sauti ambayo wanafunzi walioko nje waliisikia wote.

"Sajili imeniandikia pole kwa msiba," akasema kati ya kwikwi. "Mbele ya watoto wa watu. Imeniambia mimi mjane, nichague kubaki kwenye nyumba au kurudi kwetu. Nimekimbia njia nzima nalia. Mzaha gani huu, Bosko? Nani kafanya?"

"Mimi, dada Tekla," alisema Osmunda.

Akamweleza. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye mtoto wa Lupembe, Tekla aliketi chini, akawa anausugua mkono wa mumewe ili upate joto. Ulikuwa baridi. Osmunda aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na woga ule ulimfanya afikiri kwa kasi ya ajabu, jedwali baada ya jedwali, ufunguo baada ya ufunguo, akitafuta upenyo.

"Mwalimu," akasema. "Pampu yake sasa hivi iko wapi kwenye Sajili?"

"Imerudi kwenye foleni. Inamsubiri mtu wa kwanza."

"Nani yuko mbele kwenye foleni?"

"Watoto waliozaliwa leo hutangulia. Kama hawapo, basi..." Mwalimu alikuwa amemwelewa, na uso wake ukawa mgumu. "Hapana."

"Azaliwe leo."

"Nimesema hapana, Osmunda."

"Sajili ikipokea mtoto inalinganisha kidole na watu walio hai tu. Yeye si hai. Hakuna atakayegongana naye. Akiwa mtoto wa leo, pampu inakwenda kwake, na yeye tayari anayo kifuani."

"Unajua ulichoapa ulipopewa zamu?"

"Najua."

"Hujui." Mwalimu Sanga alisimama, na kwa mara ya kwanza darasani humo sauti yake ikapanda. "Dada yangu alikuwa na pampu, hapa hapa, kabla ya Sajili hii. Mtu mmoja alighushi ufunguo akaihamisha. Hakuwa jambazi, alikuwa anamwokoa mke wake. Alikuwa na sababu nzuri kama hii yako. Tumemzika dada yangu kwa sababu nzuri za watu. Nimetumia miaka yangu yote nijenge kitu ambacho hakidanganyi, ili mtu wa Lupembe ambaye hakuna anayemjua awe sawa na mtoto wa mkuu wa mkoa. Ukiandika mstari mmoja wa uongo, kesho nitamkatalia vipi mwingine?"

Mwalimu alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Osmunda. Sajili isiyodanganya ndiyo iliyokuwa inamsukumia damu Auleria saa ile ile.

"Pampu ya dada yako ilitoka kwa mtu ikaenda kwa mtu," akasema. "Hii haitoki kifuani kwa mtu yeyote. Lakini ni uongo, sikatai. Sikuombi ubonyeze, Mwalimu. Nitabonyeza mimi, na nitahukumiwa mimi. Nakuomba tu usibonyeze ile nyingine."

Mwalimu akaenda dirishani, akawapa mgongo, kama alivyozoea kuwapa mgongo wanafunzi wakati wa mtihani ili kila mtu abaki na dhamiri yake.

"Subirini," alisema Tekla. "Mnamzaa mume wangu, sawa. Akishazaliwa, mimi ni nani wake?"

Osmunda akapiga magoti mbele yake ili wasemezane wakiwa sawa. "Kwenye Sajili, wewe ni mjane wa Bosko Gama. Watoto wamefiwa na baba. Huyu atakuwa mtu mwingine. Hana mke, hana nyumba, hana cheti cha ufundi. Itabidi muanze upya yote, na kamati ikikubali siku moja itarekebisha. Ikikataa, ndiyo hivyo."

"Na mtoto hazaliwi bila mama."

"Sehemu ya mama haikubali kuachwa wazi. Baba inakubali, mama haikubali. Lazima uwe ufunguo wa mwanamke aliye hai."

"Wangu?"

"Ukiwa mama yake, Sajili haitakuruhusu kuolewa naye tena hata kamati ifanye nini." Osmunda akainua kidole gumba chake. "Wangu."

Tekla akamtazama Osmunda, akamtazama mumewe aliyejaa kwenye kiti, miguu imefika katikati ya chumba. Kitu kikamtikisa mabega, na haikujulikana kama ni kilio.

"Mkubwa hivi?" akasema.

Bosko alijaribu kucheka, akakohoa badala yake. Taa ya bangili ilikuwa imeacha manjano na kuanza kupepesa nyekundu.

"Mzae upesi, da Osmunda," alisema Tekla.

* * *

Osmunda aliketi mbele ya ukanda mwekundu, safari hii akijua ni mwekundu.

Mtoto: wa kiume. Tarehe ya kuzaliwa: leo. Mahali: Makambako. Hayo aliyaandika upesi. Sajili ikauliza uzito. Akaandika uzito wa Bosko, nayo ikakataa, kwa kuwa hakuna mtoto wa uzito huo. Akaandika kilo tatu. Sajili ikauliza kama alilia alipozaliwa. Akaandika ndiyo. Uongo mmoja ulikuwa unauita wa pili kwa jina, na wa pili wa tatu, na kila alipojibu alihisi mgongo wa Mwalimu pale dirishani ukisikia.

Jina la kwanza: Bosko. Hilo angalau lilikuwa kweli. Mama: akaweka kidole chake kile kile kilichomuua.

Tekla aliuinua mkono wa mumewe, maana mwenyewe hakuweza tena, akakibandika kidole gumba kwenye kisomeo. Kidole kilikuwa baridi na mashine ikashindwa kukisoma. Tekla akakipulizia kwa pumzi yake, akakisugua kwenye shavu, akakirudisha. Mashine ikafikiri. Osmunda alikuwa anaomba kwa Kihehe, lugha ambayo hakuwahi kuomba kwayo tangu bibi yake afe.

Ikakubali.

Sajili ikauliza kama mtoto ana hitilafu ya moyo. Ndiyo. Foleni ikajipanga upya mbele ya macho yao, majina yakashuka, na jina moja likaruka likakaa juu kabisa. Pampu ikapata mwenyewe. Kwenye kiti, kifua cha Bosko kikajaa hewa kwa ghafla, akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Nyekundu ikazima. Kwa muda bangili ikawa haina taa yoyote, na hakuna aliyepumua chumbani isipokuwa yeye. Kisha kijani.

Tekla akauweka uso wake juu ya magoti ya mumewe. Osmunda akabaki na mikono hewani juu ya kibodi, haijui iende wapi. Simu yake ikatetema mfukoni. Akaitoa, akasoma: Hongera, mama. Umepata mtoto wa kiume. Mpeleke kliniki kwa chanjo.

Mwalimu Sanga aligeuka kutoka dirishani. Alikuwa amezeeka kidogo.

"Nitaandika taarifa kesho kwa kamati," akasema. "Nitaandika yote, sitapunguza."

"Andika, Mwalimu."

"Kosa la kanuni yangu nitaliandika la kwanza. Lako litafuata. Sijui watakufanya nini, Osmunda. Mimi ningekuwa kwenye kamati hiyo, nisingejua nikufanye nini." Akachukua kalamu ya ubao, akaishika bila kuandika chochote. "Simu ipigwe Njombe. Niambieni yule mtoto anaendeleaje."

Osmunda akapiga. Alijibiwa na mama yule yule wa asubuhi, ambaye hakujua kwa nini watu wa Sajili wanapiga tena, akaogopa kwamba kuna kasoro. Osmunda akamwambia hakuna kasoro. Auleria alikuwa amelala, alisema mama, taa yake ni ya kijani, na asante sana, Mungu awabariki huko. Osmunda akakata simu akalia, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama," alisema Bosko kutoka kwenye kiti. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia midomoni, na upuuzi pia. "Mama, usilie. Ninyonyeshe kwanza."

Jibu lilimfikia Osmunda kinywani, jibu zuri, la kuhusu Wangoni na maziwa. Akalimeza. Mzazi hamtanii mwanawe. Katika yote waliyoyapoteza mchana ule, hakuwa amefikiria kwamba na hilo limo.

Tekla alikuwa amenyanyuka, akawa anaisoma skrini ambayo Osmunda alikuwa hajaifunga. Sajili ilikuwa imemaliza kujijazia yenyewe yale inayoyajua kutokana na mama. Ukoo: Kikoti. Kabila: Mhehe. Chini yake kulikuwa na sehemu ndogo ambayo watu wengi hawaisomi.

"Watani," akasoma kwa sauti. "Wangoni."

Bosko akaacha kutabasamu.

"Kwa hiyo siku ukifa kweli," alisema Tekla, akiwa bado anaitazama skrini, "hawa Wahehe wa dada Osmunda ndio ndugu zako. Watatoa taarifa tu. Wa kuthibitisha ni sisi. Ni mimi." Akapangusa uso kwa ncha ya khanga, akamgeukia mumewe. "Basi sikia, mtani. Mimi sitathibitisha."

Osmunda akaifunga Sajili. Akaangalia kama imefungwa, kisha akaangalia tena.